Bwana Moja na Bi Mbili

Katika jengo lile la utafiti wa samaki, kila mtu alijua kwamba ukitaka chai ipoe mezani bila kunywewa, uliza swali moja tu: taa wa umeme wa pwani hii ni spishi moja au mbili? Walikuwepo watafiti wawili, mume na mke: mume angesema moja. Mke angesema mbili. Ungetoka ukafanya shughuli zako, ukirudi ungewakuta wameinamia sinia lenye samaki wawili waliotoka kwenye spiriti, kila mmoja akimwonyesha mwenzake kitu kilekile na kila mmoja akikiona kivyake.

Wafanyakazi wakawabatiza Bwana Moja na Bi Mbili, na majina yakaganda. Wenyewe hawakuchukia. Walikuwa wameoana wakiwa wanafunzi, hawakujaaliwa watoto, na waliozoea nyumba yao walisema mabishano yale ndiyo yaliyokuwa mtoto wao: waliyalea, wakayalisha, na hawakulala bila kuyafunika shuka.

Hata majirani walikuwa na yao. Mmoja alisikia kwamba Bi Mbili ni mtaalamu wa taa za umeme, akaja kumwomba amwangalizie balbu ya ukumbini inayozimika ovyo. Bi Mbili akamweleza kwamba yeye anashughulika na taa wa umeme, si taa ya umeme. Jirani akasema haidhuru, herufi moja haiwezi kumzuia mtu kupanda ngazi. Bi Mbili akapanda. Bwana Moja alicheka wiki nzima.

Samaki mwenyewe si wa kuvutia. Ni bapa, mviringo kama sinia, mwili laini, mkia mfupi mnene, macho kama vifungo vya shati la mtoto. Hujifukia mchangani kwenye maji ya kina kifupi, na kila upande wa kichwa ana kiungo chenye umbo la figo kinachotoa umeme. Vidagaa vikipita juu yake huvipiga shoti, akavila bila haraka. Mtu akimkanyaga, hahitaji kuambiwa amekanyaga nini.

Ugomvi ulikuwa huu. Kusini ya mlango wa mto mkubwa, taa hao wana madoadoa meupe mgongoni. Kaskazini yake, ndani ya ghuba, hawana doa hata moja. Ni wa kahawia mtupu, kama udongo uliolowa. Bi Mbili alihesabu vinundu vidogo vya nyama vinavyozunguka tundu la kupumulia nyuma ya jicho, akapima mikia, akasema hawa ni wawili: mto unamwaga matope na maji baridi yasiyo na chumvi, taa hawezi kuvuka, ndugu wametengana mpaka wakawa watu baki. Bwana Moja alipima mikia ileile, akasema ni mmoja, anayefuata rangi ya sakafu anayolalia.

"Mtu akihamia mjini akabadilisha shati," alikuwa akisema, "utampa na ukoo mpya?"

"Akibadilisha na pua, nitampa," Bi Mbili alijibu.

Akampa kweli. Aliandika makala akamtangaza taa wa ghuba kuwa spishi ya peke yake, na katika jina la kisayansi akatia jina la mama mkwe wake. Wengine walisema ni hila ya kumfunga mumewe mdomo. Mama mkwe, aliyekuwa hai bado wakati ule, alifurahi kupita kiasi. "Sasa atakayenigusa nampiga shoti," akawa anawaambia wageni. Lakini mwanawe hakufungika mdomo. Alisimama mkutanoni mbele ya wataalamu wenzao, akasema, "Mama yangu nampenda, ila samaki huyo hayupo."

Jina lile lilikuja kuzaa mambo. Kwa kuwa taa wa ghuba hakujulikana kwingineko duniani, idara ya uvuvi ilipiga marufuku nyavu za kukokota ndani ya ghuba nzima. Kamba wakaongezeka, majani ya bahari yakarudi, kasa wakaanza kuonekana. Bi Mbili alijivuna kidogo, na nani angemlaumu? Bwana Moja peke yake ndiye aliyekunja uso.

"Mke wangu, ghuba ni nzuri kwa sababu ni ghuba. Wewe umeitundika kwenye jina. Siku jina likianguka, litaanguka na kila kilichotundikwa."

"Halitaanguka."

"Haya," akasema, na kuendelea kumenya chungwa lake.

Mwaka uliofuata wavuvi walileta taa kutoka pale penyewe, mlangoni mwa mto, kwenye matope ambayo Bi Mbili aliapa hawawezi kuishi humo. Walikuwa na madoa yaliyofifia, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Mume na mke wakatazamana. Wakakata vipande vidogo vya nyama kutoka kwa hao, kutoka kwa wa kusini na kutoka kwa wa ghuba, wakavipeleka kwa mwanafunzi wao wa zamani, binti waliyemwita Pipeti kwa sababu enzi za masomo hakuwahi kuonekana bila lile bomba dogo ya kunyonyea dawa mkononi. Sasa alikuwa daktari wa vinasaba kwenye maabara kubwa nchi ya mbali. Kabla ya kufunga kifurushi walipeana mikono juu ya meza, mbele ya wafanyakazi: lolote litakalotoka, aliyeshindwa ataandika kwa mkono wake kwamba ameshindwa.

"Asiyekubali kushindwa si mshindani," Bwana Moja akasema, huku akimfinya mkewe kidole.

Majibu yalichelewa, na kiharusi kikayatangulia.

Kilimpata Bwana Moja asubuhi, kwenye chumba cha vielelezo vya samaki, kati ya rafu za mitungi ya kioo. Bi Mbili alisikia mtungi ukivunjika, akapaza sauti kutoka chumba cha pili, "Umevunja wa nani, wangu au wako?" Hakujibiwa. Alimkuta ameketi chini, mguu mmoja umekunjwa vibaya, spiriti inamlowesha suruali, na taa wa kusini amelala kwenye paja lake. Mdomo ulikuwa umevutwa upande. Alimtazama mkewe kama anayetafuta kitu mfukoni asikipate.

Hospitali walimwokoa uhai. Upande wa kulia wa mwili ukawa mzito, na maneno yakamtoka yote, isipokuwa moja. Aliporudishwa nyumbani, mtu ambaye hakuwahi kukubaliana na mkewe hata kuhusu hali ya hewa alikuwa amebaki na neno "ndiyo".

Mtaalamu wa matamshi, mama mmoja mpole aliyekuja na picha za vikombe na viatu, alimweleza Bi Mbili kwenye korido. "Usilichukulie kama jibu, mama. Ni neno lililosalia tu. Linatoka lenyewe, hata kama alitaka kusema kitu kingine."

"Lakini anaelewa?"

"Mengine anaelewa, mengine hapana. Mangapi, siwezi kukwambia. Na anayekwambia anajua, anakudanganya."

Dada yake Bwana Moja akaja kukaa nao. Alikuwa mjane mwenye mikono yenye nguvu, aliyeweza kumgeuza kaka yake kitandani kama anayegeuza mto. Wifi huyu hakuwa na habari na maneno ya wataalamu. Kwake yeye kaka alikuwa na akili zake timamu, ila amechoka.

"Kaka, supu umeipenda?"

"Ndiyo."

"Si umesikia, wifi? Ameipenda."

Bi Mbili alikuwa amemwona akisema ndiyo alipoulizwa kama anaumwa, na ndiyo alipoulizwa kama haumwi.

Pipeti alipiga simu siku ya kufua. Bi Mbili aliipokea uani, mikono ina povu, simu ameibana kwa bega.

"Mwalimu, majibu yametoka. Umekaa?"

"Nimesimama kwenye beseni. Sema tu."

"Ni mmoja, mwalimu. Kutoka kusini kabisa mpaka ndani ya ghuba, na wale wa mtoni wako katikati. Wanachanganyika na kuzaana. Nimerudia kipimo kwa njia nyingine, jibu lilelile. Nisamehe."

"Unaniomba msamaha wa nini? Umewazaa wewe?" Akamshukuru, akamuuliza Pipeti habari za mume wake na baridi ya huko, akakata. Alisuuza mashati yaliyobaki, akayaanika moja moja, akaingia ndani.

Alikuwa amejiandaa kwa siku hiyo miaka mingi kuliko alivyopenda kukiri. Alijua angefanya nini: angemwinamia mumewe kama mtu wa mahakama, angesema "umeshinda", naye angetembea nyumba nzima akiimba, angewapigia simu watu wasiohusika, angemkera mpaka amrushie kandambili. Alikuwa tayari kukereka. Alimkuta kwenye kiti cha dirishani, ametandikiwa taulo kifuani.

Akapiga magoti mbele yake. "Mume wangu, Pipeti amepiga simu. Ni spishi moja. Umeshinda."

"Ndiyo," akasema Bwana Moja.

Alimwangalia machoni, akisubiri. Macho yalimtazama kwa upole, upole ambao hakuwahi kuwa nao walipozungumzia samaki.

"Au niseme ni mbili?"

"Ndiyo."

"Ni tatu," akasema. "Kuna ya tatu pale mtoni."

"Ndiyo."

"Hakuna taa baharini. Wote ni pweza."

"Ndiyo," akasema mumewe, na kwa mkono wake mzima akamfuta povu la sabuni lililokuwa limebaki kwenye nywele zake.

Bi Mbili alilia hapohapo, kichwa magotini pa mumewe. Wifi alitoka jikoni mbio, akadhani kaka amekufa. Alipoona yu hai, akasema, "Sasa unalia nini? Mtu anakukubalia kila kitu. Wanaume wa hivyo wako wangapi?"

Siku chache baadaye Bi Mbili aliona amekaa bila kufanya kitu vya kutosha. Akafikiri: maneno hayamfikii, labda samaki mwenyewe atamfikia. Kwenye jengo la utafiti kulikuwa na tangi la maji ya bahari, na ndani yake taa mmoja hai wa ghuba. Akamvalisha mumewe shati lake la kazini, dereva akasaidia kumpakia garini, wafanyakazi wakampokea kwa vifijo vilivyopungua nguvu kila alipozidi kukaribia. Walimsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka ukingoni mwa tangi.

Na kweli alibadilika. Aliinama. Midomo ilitikisika. Yule taa alikuwa amejifukia, macho tu ndiyo yaliyoonekana juu ya mchanga, na Bwana Moja akayaona kabla ya mtu yeyote kumwonyesha.

"Unamjua?" mkewe akamnong'oneza. "Unamkumbuka huyu?"

"Ndiyo," akasema, na safari hii ilisikika kama jibu. Bi Mbili aligeuka kuwaambia wenzake, "Mmesikia? Mmesikia alivyosema?" Katika kugeuka kule, mumewe, ambaye aliwafundisha watu wote wa jengo lile kwamba taa hai hashikwi kwa mkono mtupu, akatumbukiza mkono wake mzima majini, akamshika mgongoni.

Shoti ya samaki yule haiui mtu mwenye afya, lakini yeye hakuwa na afya. Mwili ulijikunja, kiti kikarudi nyuma, akapiga yowe ambalo halikuwa neno lolote. Kisha akaanza kulia kwa sauti, kama mtoto aliyepigwa na mtu anayempenda, huku akimtazama mkewe. Bi Mbili akamkumbatia, akimwambia pole, pole, pole baba, samehe.

"Ndiyo," akalia. "Ndiyo. Ndiyo."

Daktari alimpima moyo, akasema hakuna kilichoharibika. Wifi hakuhitaji kupima kitu.

"Ulikuwa unataka nini kwake?" akauliza akiwa amesimama mlangoni, taulo begani. "Niambie tu nielewe. Mtu hajui hata kushika kijiko vizuri, wewe unampeleka kwenye umeme. Ulikuwa unataka nini?"

"Nilitaka anibishie," akasema Bi Mbili.

Wifi akaenda kuzima jiko.

Makala ilibidi iandikwe. Walipeana mikono, na mkono uliotolewa haurudishwi mfukoni. Bi Mbili aliandika kwamba taa wa ghuba si spishi; kwamba jina alilompa linafutwa na kuingizwa chini ya lile la zamani; kwamba mtawanyiko wa taa huyu unaanzia kusini, unapita mlango wa mto, unaishia ndani ya ghuba bila kukatika. Akachora ramani mpya. Ile ya zamani ilikuwa na rangi mbili na pengo katikati, nayo ilimchukua msimu mzima. Hii ilikuwa na rangi moja tu, akaimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Ikaja kazi ya majina ya waandishi. Jarida lilidai kila mwandishi athibitishe kwamba amesoma na kukubali.

"Si umuulize mwenyewe?" wifi akasema. "Kaka, unataka jina lako liwe kwenye hii kazi?"

"Ndiyo."

"Haya. Kuna nini tena?"

"Wifi, ukimuuliza kama hataki, atasema hivyohivyo."

"Muulize basi!"

Bi Mbili hakuuliza. Aliijua hamu ya mumewe kuliko mtu yeyote. Angelitaka jina lake, tena la kwanza, tena kwa herufi nene. Lakini ndiye huyuhuyu aliyewahi kuliondoa jina lake kwenye kazi ya watu kwa sababu hakuwa amesoma ukurasa wa mwisho. "Ndiyo" ile haikuwa yake. Akaliacha nje, akaandika ndani ya makala kwamba mwenzake alishikilia msimamo huu tangu mwanzo, na kwamba yeye ndiye aliyekosea.

Wifi aliacha kuzungumza naye isipokuwa kwa mambo ya dawa na maji ya moto.

Makala ikatoka na sifa zikamiminika. Watu walimwandikia kutoka pande zote: ujasiri ulioje, mwanasayansi kujikosoa mbele za watu, mfano wa kuigwa. Kwenye mkutano walimpigia makofi wakiwa wamesimama. Alisimama pale jukwaani akipigiwa makofi kwa wazo la mumewe, naye mumewe yuko nyumbani anafutwa mate. Alijaribu kusema hivyo kwenye kipaza sauti. Wakaona ni unyenyekevu, wakaongeza makofi.

Idara ya uvuvi nayo ilisoma. Walimwita kwa heshima, wakamkaribisha kiti na soda baridi. Ofisa mkuu alikuwa mtu mwema. Alikuwa mwanafunzi wao vilevile.

"Mwalimu, marufuku ya ghuba iliandikwa kwa ajili ya spishi ile. Spishi haipo. Wenye meli wameshaleta mwanasheria."

"Ghuba ipo," Bi Mbili akasema. "Taa wanazalia pale. Kamba wanakulia pale. Majani ya bahari—"

"Najua."

"Andikeni marufuku nyingine, kwa sababu nyingine."

"Tunaweza kuanza mchakato. Utachukua muda, na wakati huo siwezi kuwazuia." Alikizungusha kifuniko cha soda mezani. "Mzee angekuwepo angetushauri nini?"

Bi Mbili alijua hasa angesema nini, kwa sababu alishasema, akimenya chungwa, na yeye hakumsikiliza. "Sijui," akajibu.

Meli za nyavu ziliingia ghubani kabla ya msimu kubadilika. Wavuvi wadogo walikuja jengoni kulalamika, wakiamini Bi Mbili aliyeifunga anaweza kuifunga tena. Mmoja alimwambia bila kejeli, "Si useme tu tena kwamba ni wawili?" Akawaeleza kuhusu vinasaba, wakamsikiliza kwa adabu, wakaondoka na ndoo zao.

Wifi ndiye aliyevunja kimya. Binti yake alikuwa karibu kujifungua, ikabidi arudi kwake. Siku ya kuondoka alifunga begi, akalifungua, akatoa kanga moja akaiacha kitandani kwa kaka yake.

"Wifi," akasema akiwa mlangoni, "pale kwenye tangi. Alisema ndiyo ya kweli? Ile ya kwanza?"

"Sijui, wifi yangu. Nilisikia hivyo."

"Mimi nasikia hivyo kila siku," wifi akasema, akashika njia.

Bi Mbili akaomba likizo isiyo na mwisho, akakabidhi funguo za chumba cha vielelezo. Alijifunza kumgeuza mumewe bila kumuumiza, kumlisha kwa upande mzima wa mdomo, kusubiri ameze. Hakuwa mwepesi kama wifi. Mara nyingine wote wawili waliishia kukaa chini, wakihema. Majirani walipita kumjulia hali, wakamuuliza mgonjwa anaendeleaje, akajibu, "Hivyohivyo tu."

Asubuhi moja alimkalisha kitako ukingoni mwa kitanda, akamvisha soksi. Mguu wa kulia ulikuwa umevimba, soksi haikuingia. Alivuta, akashindwa, akavuta tena. Mumewe alikuwa akimtazama kutoka juu. Bi Mbili akaiacha soksi kwenye vidole, akaushika ule mguu kwa mikono miwili ili upate joto, akakaa nao hivyo sakafuni, asijue la kufanya baada ya hapo.